Gunia, Kreti au Sanduku la Feleji?

Mvua ya Tukuyu haiagi. Kwa mwaka inapita milimita 2,000, na kila ukianika mahindi utadhani ilikuwa imejibanza nyuma ya Mlima Rungwe ikikuchungulia. Wiki moja ya namna hiyo, mpwa wangu alikuja likizo na kompyuta yake, akanifungulia gemu linaloitwa Factorio. Limetengenezwa na kampuni ya Kicheki, Wube Software, na toleo lake kamili lilitoka mwaka 2020. Unaangukia sayari ya kigeni karibu mikono mitupu, unachimba chuma, unatandaza mikanda ya kusafirishia, unapanga mashine moja baada ya nyingine mpaka kiwanda kinajiendesha chenyewe wewe ukiwa umekunja nne.

Nilikaa pembeni yake nikisema ni dakika kumi tu. Nilikwenda kulala usiku wa manane.

Kilichoninasa ni masanduku. Kila baada ya muda kijana alikuwa akisimama na kuuliza, "Mjomba, hapa niweke sanduku gani?" Nami, ambaye nimekula ujana wangu nikipima majani ya chai, nikikusanya maziwa na kupakia parachichi, nikawa namjibu kama ninavyomjibu mkulima. Majibu yakafanya kazi. Basi haya hapa, kwa mwenye shamba, kwa mwenye gemu, na kwa mwenye vyote viwili.

1. Uliza mali inasubiri nini

Watu huanza na swali la "kinabeba kiasi gani?" Hilo ni la pili. Chombo ni mahali pa kusubiria, kwa hiyo la kwanza ni mali hiyo inasubiri nini, na kwa muda gani. Jani la chai linasubiri lori. Maziwa yanasubiri ubaridi. Viazi vinasubiri bei ipande. Mahindi yanasubiri Januari, debe la jirani litakapokuwa limeisha. Chai na maziwa vinahesabu saa, viazi vinahesabu wiki, mahindi yanahesabu miezi. Ukivipa vyote kiroba kile kile cha mbolea kwa sababu ndicho kilichokuwa karibu, viwili vitakufia kabla jua halijazama.

2. Kubwa si bora, kubwa ni kubwa tu

Ndani ya Factorio sanduku la mbao lina nafasi 16, la chuma 32, la feleji 48. Mpwa wangu alipoweza tu kutengeneza ya feleji, akayaweka kila mahali kama mtu aliyepata mshahara wa kwanza. Mojawapo aliliweka kwenye mashine inayounda vichwa vya treni, akaenda zake kujenga kwingine.

Kila nafasi inabeba vichwa 5. Zidisha mara 48 upate 240. Kila kichwa kinakula sahani 30 za feleji, achilia mbali injini 20. Mashine haina akili ya kusema "vinatosha", inaunda mpaka sanduku lijae. Alipogundua, feleji yake yote ilikuwa imeingia kwenye treni ambazo reli nzima ya TAZARA isingejua pa kuziegesha, na huku mashine zake za kazi nyingine zimekaa njaa.

Dawa ipo, na ni ndogo: gemu linakuruhusu kufunga sehemu ya nafasi kwa alama nyekundu, likabaki sanduku la nafasi moja au mbili. Au tumia la mbao tu, usione haya. Sanduku kubwa nilimruhusu sehemu moja, pale treni inapokuja kupakua, kwa sababu treni hushusha kwa mkupuo halafu hupotea. Penye mkupuo pana haja ya tumbo kubwa. Mahali mali inapodondoka kidogo kidogo, tumbo kubwa linaficha tatizo: unaona sanduku lina vitu, unadhani kiwanda kizima, kumbe mashine ya nyuma ilizima jana.

Hili nimeliona kwa macho kwenye vituo vya kununulia chai. Kituo chenye banda kubwa kilikuwa kikisahau kulipigia simu lori. Chenye kibanda kidogo kilipiga mapema, maana majani yalikuwa yanamwagika mlangoni.

3. Jani la chai lisibanwe

Hapa nitakaa kidogo, mnivumilie. Wakulima wa Rungwe huchuma majani mawili na kichipukizi, na viwanda vya Katumba na Mwakaleli vinayasubiri. Jani lililochumwa halijafa. Linaendelea kupumua, na kwa kupumua linatoa joto. Ukilishindilia kwenye kiroba cha plastiki, joto linakosa pa kutokea, jani linaanza kuiva hapo hapo kwenye mfuko, kazi ambayo ilipaswa kufanyika kiwandani baada ya kunyaushwa na kusagwa. Linapofika limekuwa jekundu kwenye vikonyo na karani analitenga.

Chombo cha kuchumia ni tenga la mgongoni lenye matundu, na hata hilo halijazwi kwa goti. Cha kusafirishia ni mfuko wa wavu, umefungwa legelege, umening'inizwa au umepangwa ili hewa ipite katikati. Usikaliwe. Nani anaukalia? Kwenye lori, vijana wa kupakia. Kwenye bodaboda, dereva mwenyewe, tena ameukaza kwa mpira wa tairi mpaka umekuwa na kiuno. Mkataze. Akikuuliza kwa nini, mwambie zinatakiwa karibu kilo nne na nusu za majani mabichi kupata kilo moja ya chai kavu, hivyo kila konzi analolipondaponda lilikwisha kuwa haba.

Kipimo changu cha zamani ni mkono. Tumbukiza mkono katikati ya mfuko mpaka kwenye kiwiko. Ukihisi ubaridi wa umande, sawa. Ukihisi vuguvugu, kama kwapa la mtoto mwenye homa, ufungue mfuko huo sasa hivi, umwage majani kivulini, uyatandaze.

Mpwa wangu aliposikia hayo alicheka akasema, "Mjomba, hiyo ni Gleba." Kumbe nyongeza ya gemu hilo iliyotoka Oktoba 2024 ina sayari yenye jina hilo, na karibu kila kitu cha huko huoza. Matunda hudumu saa moja, rojo lake dakika chache. Wachezaji wengi wanaichukia. Wanafika na tabia za sayari ya chuma, wanaweka masanduku makubwa, wanarudi wanakuta uozo. Nilimwambia huko nitacheza mimi.

Kanuni ya huko ni ya Katumba: kinachooza kipewe chombo cha kupitia, kisipewe cha kulala. Mkanda unaotembea ni bora kuliko sanduku. Na mwisho wa mkanda pawe na mahali pa kutolea kilichooza, la sivyo uozo utaziba njia ya kizima.

4. Maziwa: mkono uingie

Dumu la mafuta ya kula ni rahisi, lina mshikio, lina kifuniko kizuri, na ni adui wa maziwa. Sababu ni mdomo wake. Mkono hauingii, brashi haifiki kwenye pembe za chini wala ndani ya mshikio, na huko ndiko utando wa maziwa ya jana unakojificha. Leo ukimimina mapya umeyachanganya na chachu. Kwenye maziwa yenye joto la ng'ombe bakteria huongezeka maradufu kila nusu saa hivi, hivyo utando wa ukubwa wa kucha unatosha kwa dumu zima.

Nilishawahi kumwaga lita 20. Zilikuwa za jirani zangu watatu, nimezikusanya mimi, nimezitia kwenye dumu nililolisuuza kwa maji ya moto na mchanga nikaridhika. Karani wa kituo alichota kijiko, akakimimina kwenye kikombe, akatia spiriti kiasi kile kile, akatikisa. Vikatokea vipande vidogo vyeupe kama ugali uliokataa kuiva. Hakusema neno, alinionyesha tu kile kikombe. Kurudi kilimani na dumu lililojaa ni kuzito kuliko kushuka nalo, na nyumba tatu zilikuwa zinanisubiri na madaftari.

Nunua keni la alumini au la chuma kisicho na kutu, lenye mdomo mpana na lisilo na maungio ndani. Ni ghali. Nunueni watatu kwa pamoja. Maziwa ya jioni, ambayo lazima yalale, yaweke na keni lake ndani ya beseni la maji ya chemchemi, na asubuhi usiyamiminie ya moto juu yake. Usiku wa Tukuyu wa Juni na Julai unakusaidia bure, lakini usiku haufiki nyuzi 4, ambazo ndizo maziwa yanazitaka. Kibuyu cha bibi usikitupe. Kile kilitengenezwa kwa ajili ya maziwa ya kugandisha, ambako chachu ya jana ni mwenyeji na si mgeni.

5. Kreti ibebwe na kreti

Parachichi la Hass ni gumu kama jiwe siku ya kuchumwa, na ugumu huo unadanganya watu. Haliivi mtini, linaanza safari ya kuiva likishakatwa, na kila pigo unalolipa leo litaonekana siku kumi baadaye kama doa jeusi ndani, mbele ya mnunuzi ambaye hamtakutana naye. Kata kwa mkasi, acha kikonyo kifupi. Weka kwenye kreti ya plastiki yenye matundu, na uache vidole viwili kutoka ukingoni. Ukijaza mpaka juu, kreti ya pili inakalia parachichi. Ukiacha nafasi, kreti inakalia kreti. Ndiyo sababu zikatengenezwa na miguu na midomo inayoingiliana.

Kivuli, kivuli, kivuli. Chini ya mgomba panatosha, ila usizichanganye na ndizi zinazoiva. Ndizi hutoa gesi inayoliamsha parachichi. Nyumbani tunaitumia makusudi, tunafunika vyote pamoja kwa siku kadhaa. Kwenye mzigo wa kwenda nje, mkungu mmoja ulioiva unaweza kukuharibia ratiba yote.

6. Ndizi

Hazihitaji chombo. Mkungu ni chombo. Panga wima, tia majani makavu katikati, ondoka.

7. Chombo kisicho na ukingo si kipimo

Panda hadi Isongole au Ndaga wakati wa viazi mviringo utaona magunia yamevaa vilemba. Gunia limejaa, halafu juu yake limeshonewa wavu, na ndani ya wavu kuna viazi vingine kama ndoo nzima. Hiyo ndiyo lumbesa. Bei ni ya gunia moja. Wakala wa Vipimo wanaipiga vita, na sheria inataka mfuko wa mazao usizidi kilo 100, lakini kilemba kinazaliwa upya kila msimu kwa sababu mkulima hana mzani na gari limewashwa injini.

Sokoni ni hivyo hivyo kwa kipimo kidogo. Sado, ule mkebe wa rangi, unaweza kuwa na kitako bapa, na unaweza kuwa na kitako kilichogongwa kwa ndani mpaka kikafanya kilima. Unaponunua maharage, kabla ya kubishana bei, geuza sado uangalie chini. Muuzaji mwaminifu hakasiriki.

Kwenye gemu huwezi kulivisha sanduku kilemba. Nafasi 48 ni 48. Mpwa wangu anaona hilo ni jambo la kawaida tu, hajui anavyobarikiwa.

Ushauri: nunua mzani wa kuning'iniza kwa kuchanga watu watano, tumia mifuko midogo ya kilo 50 inayobebeka na mtu mmoja, na uishone mdomo sawasawa na ukingo. Na mifuko ya viazi ipitishe hewa lakini isipitishe mwanga. Kiazi kikiona mwanga kinageuka kijani, na kijani hicho kina sumu chungu. Kwa hiyo wavu ni kwa safari ya siku moja, na stoo iwe giza.

8. Mahindi: sasa geuza kila kitu nilichosema

Mpaka hapa nimehubiri hewa. Kwa mahindi ya kukaa miezi, hewa ndiyo mwizi. Dumuzi, ambaye wengi tunamwita Scania tangu alipojulikana Tabora mwanzoni mwa miaka ya 1980, anahitaji kupumua kama mimi na wewe. Mnyime.

Mfuko wa PICS una tabaka tatu: mbili za ndani ni plastiki nzito, ya nje ni kiroba cha kusuka. Ulianza kwa ajili ya kunde huko Kameruni miaka ya 1980, kwa utafiti wa Chuo Kikuu cha Purdue cha Marekani, na leo unauzwa hadi kwenye maduka ya pembejeo ya kwetu. Jaza mfuko wa ndani kabisa, ukandamize utoe hewa, usokote shingo, uikunje, ufunge kwa kamba. Halafu wa pili, vivyo hivyo. Halafu wa nje. Wadudu waliobaki ndani wanamaliza oksijeni yao wenyewe na shughuli inaisha bila dawa. Usifungue wiki mbili baadaye "kuangalia tu". Ukifungua, umewaletea pumzi.

Kitu kimoja kinawaangusha watu wa Rungwe kuliko wa Dodoma, nacho ni unyevu. Mahindi mabichi yakifungiwa bila hewa yataota ukungu. Yanatakiwa unyevu usiozidi asilimia 13 hivi, na mvua yetu haikubali kirahisi. Kama huna kifaa cha kupimia, chukua chupa kavu ya kioo, tia chumvi kavu kabisa kiasi cha vijiko viwili, tia mahindi mpaka robo ya chupa, funga, tikisa dakika chache, acha itulie robo saa. Chumvi ikiganda ukutani mwa chupa, rudisha mahindi juani. Ikidondoka yote chini kama mchanga, endelea. Mke wangu amefanya jaribio hili msimu mmoja mara saba kabla chumvi haijakubali kudondoka, na mara zote saba nilimwambia yameshakauka.

Mifuko ikae juu ya chaga, mbali na ukuta, na panya wasipate daraja. Tundu moja la jino na mfuko wa tabaka tatu umerudi kuwa kiroba.

9. Vyombo vingine ni mashine

Shuka Kyela ukaone kakao. Mbegu mbichi, na ute wake mweupe, zinawekwa kwenye masanduku ya mbao yenye matundu chini, zinafunikwa kwa majani ya mgomba, na zinageuzwa kila baada ya siku mbili hivi. Ndani mle joto linapanda, ute unachuruzika, na baada ya siku tano mpaka saba unatoa kitu chenye harufu tofauti na ulichoweka. Hapo sanduku halikuhifadhi, lilipika. Ukichagua la chuma kwa sababu linadumu, umeua kazi, maana mbao inatunza joto na chuma kinalitupa, tena asidi ya ute itakitafuna. Kabla ya kubadilisha chombo cha wazee, chunguza kama hakikuwa kinafanya kazi ambayo hakuna aliyekutajia.

10. Kilichoingia kwanza kitoke kwanza

Andika tarehe kwenye mfuko kwa kalamu ya wino mzito. Panga stoo ili wa zamani uwe karibu na mlango, jambo linalotaka ubebe mipya kwa kuzunguka, na ndiyo maana hakuna anayelifanya. Factorio wamelitatua vizuri: mkono wa mashine unaweza kuamriwa uanze na kilichokaribia kuoza. Mimi nina kijana wa kazi ambaye naye anaweza kuamriwa, lakini anaanza na kilicho juu.

Jioni ya mwisho ya likizo, mpwa wangu alifika kwenye ngazi ya Gleba inayohitaji mayai ya wadudu wa huko. Mayai hayo hayaozi tu. Yakikaa dakika 15 bila kutumika, yanaanguliwa, na kinachotoka kina meno. Alijaza sanduku moja la feleji, mpaka juu, kwa sababu lilikuwa tupu na karibu. Kisha mke wangu akaita chakula tayari. Tulikula, tukanywa chai, tukaongea habari za bibi. Aliporudi kwenye kompyuta nilimsikia akiita kutoka sebuleni, "Mjomba! Mjomba, njoo uone!"

Nilikuwa na mkono wangu ndani ya mfuko wa majani barazani, mpaka kwenye kiwiko. Nikamwambia asubiri.

Ulikuwa wa vuguvugu.